Kuku Akikohoa, Jirani Apewe Habari



Wasomaji wetu watukufu, ukurasa huu umezoea kuzungumza malezi, ndoa, mirathi na adabu za nyumba. Wiki hii tunaomba ruhusa tuzungumze habari za kuku, na hasa kuku anayekohoa. Asicheke mtu. Katika nyumba nyingi tuzijuazo, za huku pwani na za bara, kuku ndiye akiba ya mama. Ng'ombe ni wa baba, mbuzi ni wa shughuli, shamba lina hati yake. Lakini kuku ni wa mama, na mayai ndiyo yanayonunua daftari la mtoto, sukari ya jioni na nauli ya kwenda zahanati. Maradhi yakiingia bandani yakawamaliza kuku wote kwa wiki moja, aliyefilisika ni mama, na aghalabu hakuna anayempa pole.

Yaliyotusukuma kuandika haya tuliyaona Ukambani mwezi wa Agosti. Sisi ni wakwe wa Kitui. Ahali yetu anatoka katika nyumba ya Kiislamu ya kule, na wala Uislamu si mgeni katika mji ule. Misafara ya biashara ilikuwa ikipanda kutoka Mombasa tangu karne ya 19, na Wakamba nao, akina Kivoi, wakiteremsha pembe za ndovu hadi pwani. Sasa njia imekuwa nyepesi. Mtu hushuka Kibwezi, akashika barabara ya lami ya Ikutha na Mutomo, na kabla ya alasiri yuko Kitui. Kwa njia hiyo hiyo, usiku, huteremka malori ya maembe, ya pojo ambazo wenyewe huziita ndengu, na ya kuku wa kienyeji wanaokuja kuliwa kwetu.

Tulimkuta mama mkwe wetu chini ya mwembe, amempakata koo wake mkubwa. Kuku yule alikuwa amefumba macho na kunyoosha shingo, akivuta pumzi kwa mdomo, na kila akivuta ilitoka sauti ya kukoroma kama ya mzee mwenye pumu. Chini yake palikuwa na kinyesi cha kijani. Wawili wengine walikuwa wameteremsha mbawa hadi mavumbini, na pora mmoja shingo imempinda, anatazama mbinguni hali miguu inazunguka. Siku tatu nyuma wote walikuwa wakikimbilia makapi ya muthokoi kama kawaida yao.

Hata chai haijatulia, akaingia mchuuzi na pikipiki, nyuma amefunga tenga la kuku. Katika vijiji vile habari ya kuku kuugua humfikia mchuuzi kabla ya kumfikia daktari wa mifugo. Akasalimu kwa adabu, kisha akasema, "Mama, hawa nitakuondolea mzigo. Shilingi 200 kila mmoja, wazima na wagonjwa." Kuku mzima wa kiasi kile huuzwa 800 na zaidi.

Mama akamuuliza, "Utawapeleka wapi?"

"Mombasa, mama. Lori linapita usiku."

Mama akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mkwe wangu huyu hapa, ametoka Mombasa. Kuku hawa wakifika huko watamkoholea nani?"

Mchuuzi akacheka, akawasha pikipiki yake, akaenda nyumba ya pili. Mama akamwita mjukuu wake, akamtuma avuke mto wa mchanga aende kwa majirani wa ng'ambo, nyumba moja baada ya nyingine, awaambie kwamba kuku wa nyanya yake wanaumwa, wawafungie wao. Tulikaa kule siku tisa. Katika kuku wake 31 walibaki 4. Majirani wa upande wake walipoteza karibu wote, kwani wengi walikuwa wamekwisha kuchanganyikana. Lakini ng'ambo ya mto, waliofungia kuku wao siku ile na kumtafuta mchanjaji kesho yake, mabanda hayakubaki matupu.

Si kila mtu aliyemshukuru. Mama mmoja alikuja jioni akamwambia waziwazi, "Umetuharibia soko." Naye alikuwa na haki ya kusikitika, maana kijiji kikijulikana kina maradhi, bei huanguka, na yeye alikuwa na karo ya kulipa. Hapo ndipo palipo uzito wa jambo hili. Kutoa habari ya ugonjwa kuna gharama, na gharama hiyo humwangukia mwenye kusema kweli.

Ugonjwa ule ni kideri. Wengine huuita mdondo, na katika maduka ya dawa za mifugo huitwa Newcastle, kwa jina la mji wa Uingereza ulikotambuliwa mwaka 1926. Mwaka huo huo ulionekana pia katika kisiwa cha Java. Kwa Kenya, uliandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1935, na mahali penyewe ni huku kwetu pwani. Basi tusiseme kuwa ni ugonjwa wa bara unaoletwa kwetu. Ulibisha hodi mlangoni petu kwanza, na tangu hapo unakwenda na kurudi pamoja na matenga ya kuku.

Kideri husababishwa na virusi. Kuku akishaambukizwa huweza kukaa siku mbili hadi wiki mbili hajaonyesha kitu, aghalabu siku tano au sita. Huanza kwa kuzubaa, kuacha kula, kukohoa, kupiga chafya na kukoroma. Kisha kinyesi cha kijani. Kisha kwa baadhi yao kupooza miguu na mbawa na kupinda shingo. Wanaotaga huacha kutaga, au hutaga mayai yenye ganda bovu. Katika kundi lisilochanjwa, huweza kufa tisa katika kila kumi, na pengine wote. Virusi hutoka katika pumzi, mate, kamasi na kinyesi, navyo husafiri katika tenga, katika nyayo za viatu, katika magurudumu ya pikipiki, na katika manyoya na matumbo ya kuku aliyechinjwa yakatupwa jalalani. Bata naye huweza kuvibeba bila yeye mwenyewe kuugua sana.

Lakini si kila kikohozi cha kuku ni kideri, na mama mwenye banda afaidike kujua tofauti. Kuku wakivimba uso, jicho likafumba, na kamasi za puani zikatoa harufu mbaya, huenda ni mafua makali ya kuku. Haya hutokana na bakteria, huua wachache, lakini huyakata mayai. Kuku wakikoroma usiku wiki baada ya wiki, wakakonda bila kufa kwa wingi, huenda ni ule ugonjwa sugu wa njia ya hewa unaoletwa na vijidudu viitwavyo mikoplasma. Upanga ukitoka vidonda vyenye magamba, na ndani ya mdomo kukawa na utando wa manjano unaomziba kuku pumzi, hiyo ni ndui ya kuku. Vifaranga wakinyoosha shingo na kupanua midomo kama wanaopiga miayo, waangaliwe wasiwe na minyoo ya koo. Na vifaranga wakihema hali hawana kamasi, tazama matandiko yao: nyasi au maranda yaliyoota ukungu huingia mapafuni na kuua.

Tofauti hizi zina faida moja kubwa. Maradhi ya bakteria yana dawa, kideri hakina. Dawa za antibayotiki zinazouzwa kwa pakiti haziui virusi. Huweza kumsaidia kuku asizidiwe na vijidudu vingine, basi, na anayemwambia mama kwamba pakiti ile itaponya kideri anachukua fedha yake bure. Vivyo hivyo mshubiri, pilipili na muarobaini tulivyovirithi kwa wazee. Hatuwadharau wazee wetu, nao walitumia walichokuwa nacho. Lakini tumeviona katika maji ya kuku wa nyumba nyingi za Kitui mwaka huu, na kuku wakafa palepale penye chombo. Fauka ya hayo, antibayotiki zina siku zake za kungojea, zimeandikwa kwenye pakiti, ambazo mayai na nyama ya kuku aliyenyweshwa havifai kuliwa wala kuuzwa. Anayempa mwanawe yai la siku hizo anamnywesha dawa asiyoihitaji, na vijidudu vikiizoea dawa kidogo kidogo, siku ya haja hushindwa kufanya kazi.

Sasa turudi kwa mchuuzi na shilingi zake 200. Tumeulizwa na wanawake wengi, huko na huku: je, mtu akiona kuku wake wameanza kukohoa, si afadhali awauze upesi kabla hawajafa?

Katika sheria yetu jambo hili ni wazi. Kuuza kitu chenye aibu si haramu, maadamu aibu imetajwa na mnunuzi ameridhika. Kuificha ndiko kulikokatazwa, na mnunuzi akiigundua baadaye ana haki ya kurudisha. Wanaojua sira wanakumbuka siku Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alipotia mkono katika fungu la nafaka sokoni akakuta chini yake majimaji, na maneno aliyomwambia mwenye nafaka ile kuhusu kuwaghushi watu. Kuku wa kideri ni zaidi ya nafaka iliyolowa, kwani nafaka humdhuru aliyeinunua tu. Kuku huyu akifika sokoni huambukiza tenga zima, na tenga huambukiza mtaa. Aliyeuza kuku mmoja kwa shilingi 200 amefuta akiba za akina mama asiowajua, wala hatajua siku moja kwamba ni yeye. Na kwa wanyama hasa, mafundisho yetu yanamkataza mwenye ngamia wagonjwa asiwalete penye ngamia wazima wa mwenziwe. Waarabu walitajiwa ngamia. Mkamba na Mswahili naye ana kuku.

Kwa hivyo kumtajia mnunuzi kwamba kuku anaumwa hakutoshi hapa, kwa sababu anayedhurika ni jirani wa mnunuzi, naye hakuulizwa. Kuku wa nyumba yenye kideri asitoke nyumba ile, ama kwa kuuzwa, ama kwa zawadi, ama kwa kupelekwa kwa dada ili anusurike.

Wengine husema, basi tuwachinje tule. Kuku aliyechinjwa akiwa hai, kwa masharti yake, si mzoga, na kideri hakijulikani kumdhuru mtu kwa nyama iliyoiva vizuri. Lakini mama atajuaje kwa macho kwamba ni kideri na si homa ya mafua ya ndege, ambayo mwaka 2017 ilithibitishwa kwa jirani zetu wa Uganda kando ya Ziwa Victoria, na ambayo aina zake nyingine zimeua watu duniani? Kisha damu, manyoya na matumbo ya kuku wale yatamwagwa wapi? Ushauri wetu ni kuacha. Na ambaye nafsi imemshinda, achinje ndani ya nyumba yake, mabaki yote ayafukie, anawe kwa sabuni, na asipeleke hata kipapatio nje ya ua. Aliyekufa mwenyewe ni mzoga: haliwi, hauzwi, hatupwi mtoni wala jalalani, wala hatupiwi mbwa. Huchimbiwa shimo la kina ambalo mbwa hatalifukua, au huchomwa moto. Aliyewashika wagonjwa asijiguse macho, maana virusi vya kideri huweza kumletea mtu wekundu wa macho wa siku kadhaa, nao hupona.

Baada ya hapo banda hukwanguliwa, husuguliwa kwa maji ya sabuni, hunyunyiziwa dawa au hupakwa chokaa, na huachwa tupu wiki kadhaa huku jua likiingia. Anayenunua kuku wapya haraka, kwa majonzi ya wale waliokufa, aghalabu huwazika na hao.

Dawa ya kideri ni chanjo, nayo hutangulia ugonjwa. Hapa tuseme kwa furaha kwamba chanjo ipo, hutengenezwa nchini na taasisi ya serikali ya chanjo za mifugo, KEVEVAPI, na bei yake kwa kuku mmoja ni ndogo kuliko bei ya yai lake. Iko chanjo ya kutiwa katika maji ya kunywa, na iko ya tone la jicho. Mojawapo, iitwayo I-2, ilitokana na kazi ya watafiti wa Australia waliotafuta chanjo ya kuvumilia joto kwa ajili ya vijiji visivyo na friji. Kuvumilia joto si kustahimili kila joto. Bado hubebwa ikiwa baridi, imefungwa kwa kitambaa kilicholowa, mbali na jua. Tone moja, jicho moja, kwa kila kuku, mkubwa na kifaranga. Kisha hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Kinga huchukua wiki moja hadi mbili kusimama, kwa hivyo anayengoja hadi jirani aanze kuzika amechelewa, ingawa waliobaki wazima bado huweza kunusurika. Aliyekwisha kuugua haponywi na chanjo. Na anayetumia ile ya maji, maji yawe safi na yasiwe ya mfereji yenye dawa ya klorini, maana klorini huiua chanjo.

Ikiwa ni rahisi hivyo, kwa nini kuku wa Kitui bado wanakufa? Mama mkwe wetu alitupa jibu lake. Chupa moja aghalabu hutosha kuku mia moja au zaidi, na ikishafunguliwa haikai. Yeye ana kuku 31, jirani ana 12, mjane wa pembeni ana 5. Nani atanunua chupa ya kuku mia kwa ajili ya kuku watano? Kila mmoja husubiri, na kideri hakisubiri.

Kitendawili hiki tulikiona kimeteguliwa Makueni, tuliporudi tukalala kwa jamaa zetu karibu na Kibwezi. Akina mama wa kitongoji kile wana chama, Waislamu na Wakristo pamoja. Huchanga kidogo kidogo kila mwezi, na mara tatu kwa mwaka hununua chupa. Siku ya chanjo hupangwa tangu mapema, na usiku wake hakuna anayefungua banda. Alfajiri, baada ya sala, mama mmoja aliyefunzwa na afisa wa mifugo alizunguka nyumba kwa nyumba na chupa yake ndani ya kikapu chenye kitambaa kilicholowa, watoto wakishika kuku, yeye akidondosha tone, akingoja jicho lipepese, akisema, "Mwingine." Kabla jua halijawa kali nyumba 14 zilikuwa zimekwisha. Yule mwenye kuku watano alichanjiwa watano wake, akalipa senti za watano. Tulimuuliza mwenyekiti wao kama wamepata kideri mwaka huu. Akatujibu, "Shehe, kilipita barabarani." Hatukuhitaji maelezo zaidi.

Jambo la pili tulilolitazama Ukambani ni mahali kuku wanapolala. Nyumba nyingi huwalaza jikoni, kwa kuogopa wezi na kicheche. Moshi wa kuni usiku kucha, pamoja na vumbi la kiangazi na ukali wa kinyesi kilichofungiwa, huchubua njia ya hewa ya kuku, na iliyochubuka ndiyo inayoingiliwa na maradhi upesi. Kipimo chake hakina gharama: inama hadi urefu wa kuku wakati wa kuamka, uvute pumzi. Macho yako yakiwasha, yake yanawasha zaidi. Banda dogo lililoinuliwa kidogo, lenye matundu ya kupitisha hewa juu na ukuta wa kuzuia upepo chini, latosha. Huku kwetu Kisauni, Likoni na Malindi, tatizo ni unyevunyevu na msongamano wa kuku katika tundu moja, na dawa ni ile ile: hewa na ukavu.

Na chakula nacho. Mahindi yaliyoota ukungu, ambayo mama ameona hayafai watu, aghalabu humwagiwa kuku. Katika Makueni na Kitui hakuna asiyekumbuka mwaka 2004, sumu ya ukungu wa mahindi, aflatoksini, ilipowashika watu 317 na kuwaua 125, wengi wao katika wilaya hizo mbili. Sumu hiyo hiyo humdhoofisha kuku kinga ya mwili, hata chanjo ikashindwa kumlinda vizuri, na kile kilicho ndani ya kuku hatimaye hurudi sahanini kwetu. Mahindi mabovu yazikwe.

Tuna neno pia kwa waume, maana gazeti hili husomwa na nyumba nzima. Ng'ombe akiugua, simu hupigwa usiku kumwita daktari. Kuku wakiugua, huulizwa yupi wa kuchinjwa kwanza. Mali ya mke ni ya mke. Hata jogoo wa kumchinjia mgeni huombwa kwa mwenyewe. Ikiwa mali hiyo ndiyo inayotia sukari katika chai yetu, basi nauli ya kwenda kununua chanjo ni deni juu yetu sisi tunaoinywa.

Nako kutoa habari kwa serikali kusionekane ni uchongezi. Kideri ni katika maradhi ambayo hutakiwa kuripotiwa. Tangu mwaka 2013 huduma za mifugo ziko chini ya kaunti, na afisa wa mifugo wa wadi ndiye wa kupigiwa simu. Kuku aliyekufa karibuni, akifungwa vizuri katika mifuko miwili na kuwekwa penye baridi, huweza kupimwa ikajulikana kwa yakini ni ugonjwa gani. Kwa sisi wa pwani maabara ya uchunguzi wa mifugo iko Mariakani. Mkipata afisa asiyefika, mrudieni, na mkiwa kumi mtasikilizwa zaidi kuliko mmoja.

Na anayenunua kuku wa Ukambani kwa ajili ya harusi, Ramadhani au Idi, asiwachanganye na wake siku ile ile. Awatenge wiki mbili, chombo chao cha maji kiwe mbali, na awahudumie baada ya wale wa nyumbani. Amwulize mchuuzi kuku wametoka wapi na wamechanjwa lini. Wanunuzi wakiuliza swali hilo kila siku, wachuuzi watalazimika kuwa na jibu.

Kuna watakaosema kwamba yote ni kudura, kuku aliyeandikiwa kufa atafa. Ni kweli, na aliyeandikiwa njaa pia ameandikiwa, lakini hatujaona mtu aliyeacha kupika kwa hoja hiyo. Tumeamrishwa kufanya sababu, kisha kutegemea.

Basi tunawaomba akina mama wa kila mtaa wafanye mambo mawili kabla ya Ijumaa ijayo. La kwanza, mhesabu kuku wa nyumba zenu na za majirani zenu, wa dini yoyote, kuku wa chupa moja wapatikane, na mpange siku. La pili, mpeane ahadi kwamba atakayeona kuku wake wa kwanza anakohoa atawaambia wenzake siku ile ile, na kwamba wenzake hawatamlaumu kwa kuharibu soko, bali watamchangia kuku wa kuanzia upya banda lake litakapokuwa tayari. Mama mkwe wetu alikwisha kuletewa tembe wawili na mama wa ng'ambo ya mto. Ahadi hiyo ikiwapo, ukweli hautamfilisi aliyeusema.

Mwenyezi Mungu awabariki katika riziki zenu, awalinde nyinyi na vilivyo mikononi mwenu. Wabillahi tawfiq.